Maziwa Yalifurika Nikiwa Laivu

Jumatano, tarehe 11 Juni 2025. Asubuhi mtaa wetu wa Kiamunyi ulikuwa na ukungu mzito, na manyunyu ya baridi ambayo hayakutaka kuwa mvua wala kukoma.

Nilikuwa nimemwambia Mungu kwamba leo ndiyo mwisho. Ama anionyeshe ukurasa wangu wa Facebook ni wa kumfaa nani, ama niufunge nirudi kwa kuku wangu. Binti yangu Cheptoo ndiye aliyenifungulia, mwaka niliorudi shule ya jioni nikiwa na nywele nyeupe. Nilianza na mistari ya Biblia, lakini wengine waliisoma vizuri kuliko mimi. Nikaweka picha za kuku. Nikaenda hadi Kikopey kupiga picha za nyama choma, nikaila kabla ya kuikumbuka simu. Watazamaji wangu waaminifu walikuwa Cheptoo na dada yangu wa Kericho, naye dada alibonyeza tu bila kuangalia.

Asubuhi hiyo nikajaribu chapati. Niliegemeza simu kwenye mkebe wa unga, nikabandika maziwa ya chai, nikaenda laivu. Kabla ya kukanda nikafumba macho kuomba.

Nikianza kuomba, huwa sijui kukatiza. Nililiombea kanisa, nikawaombea wagonjwa, na nilipofika kwa masomo yangu nilikuwa nimesahau kabisa kama kuna simu. Nikamwambia Bwana ukweli: jana Mwalimu Makhanu alifundisha kugawanya fraksheni, akauliza kama tumeelewa, nami nikaitikia ndiyo kwa sauti kubwa kuliko wote, hali sikuwa nimeelewa chochote.

"Bwana, nisaidie," nikasema. "Nimechoka kuitikia."

Nilipofumbua macho, maziwa yalikuwa yamefurika na kuzima gesi, na jumbe za watu nisiowajua, walioitana waje waone, zilikuwa zinapandiana kwenye simu. Waliniita mathe, yaani mama: Mathe, maziwa. Mathe, sema amina basi, maziwa. Mmoja alituma picha ya gari la zima moto. Nilitamani kuitumbukiza simu kwenye ndoo.

Lakini chini ya vicheko kulikuwa na maneno mengine. Fundi wa magari wa Molo aliandika kwamba yeye aliitikia ndiyo mpaka akamaliza shule. Mama mmoja wa Njoro alisema mtoto akileta hesabu nyumbani, yeye hushikwa na kichwa papo hapo. Wakaendelea kuja, wote watu wazima, wakiuliza jambo moja: nikielewa, nitawaambia?

Nilipiga magoti palepale kwenye maziwa, nikashukuru huku nacheka.

Jioni darasani, kwenye ukumbi wa kanisa kule mtaa wa Section 58, Odero, dereva wa lori ninayekaa naye dawati moja, alinisalimu, "Niaje, mama maziwa." Kumbe hata Mwalimu Makhanu alikuwa ameona. Nikainamisha kichwa, nikingoja kukemewa. Yeye akauliza ni nani mwingine aliyeitikia jana bila kuelewa. Mkono wa Odero ukapanda, halafu wa aliyekaa nyuma yetu, halafu darasa zima. Mwalimu alicheka mpaka akatafuta kiti.

Kisha akaniomba chapati moja kati ya zile nilizopika hatimaye na kuwabebea wenzangu. Akaikata nusu, akaniuliza ndani ya ile nusu mna robo ngapi.

"Mbili," nikasema.

"Basi umegawanya nusu kwa robo."

Hivyo tu? Nilisimama, nikazunguka dawati nikicheza kama niko kwaya. Niliporudi, Odero alikuwa ameshakula mfano wetu. Akachukua simu yangu, akaniinulia usoni.

"Uko laivu, mathe. Leo usifumbe macho."

Niliyakodoa hasa. Nikawatazama wanafunzi wenzangu, nikamtazama mwalimu, nikaitazama simu.

"Mimi Rael, mama Cheptoo, naahidi mbele yenu nyote," nikasema. "Kila nitakachoelewa hapa jioni, asubuhi yake mtakipata jikoni kwangu. Na nisipoelewa, nitasema sijaelewa."