Kilo Hamsini na Nane za Msimu Ujao

Mchana wa jana Skolastika Mkalawa aliota, tena akiwa amejilaza juu ya rundo la tairi, ugali na maharage havijashuka sawasawa.

Kwa miaka saba alikuwa msoma ramani wa timu ya mbio za magari ya Mafinga. Dereva ni mdogo wake, Ponsiano. Skola hukaa kushoto kwake na kumsomea kona pamoja na namba za ukali wake. Msimu uliokwisha walimaliza wa kumi na moja kati ya magari kumi na mawili, na hilo la kumi na mbili liliungua. Asubuhi hiyo Meneja Mfikwa alikuwa amewakusanya gerejini akawaambia: "Msimu ujao tunapanda. Kinachotuangusha ni uzito. Tutapunguza." Wakapiga makofi. Skola naye alipiga, akala, akalala.

Ndotoni, mizani ya gereji ilikuwa imekaa kwenye kiti cha meneja, imevaa miwani.

"Shikamoo," Skola akasema, maana mizani ilionekana mtu mzima.

"Marahaba. Gari limezidi kilo hamsini na nane. Wewe una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Basi hesabu imekubali," mizani ikasema, ikaandika.

Skola akajitetea. Mbona kuna jeki, kuna taa za ziada, kuna tumbo la Ponsiano? Mizani ikamjibu kwa upole kwamba jeki ina kazi, taa zina mkataba, na tumbo la dereva ni dereva.

"Nilivunjika mbavu mbili kwa ajili ya timu hii."

"Tumeziona. Nazo zimepimwa."

Mara yeye na Ponsiano wako katikati ya misonobari, gari linakimbia, vumbi linaingia hadi puani. Daftari la njia liko mapajani. Skola anasoma, kwa kuwa msoma ramani husoma kilichoandikwa.

"Kulia tatu, mawe. Mita themanini. Kushoto tano, inabana. Mdogo wako anajua tangu Jumanne."

"Rudia," Ponsiano anasema.

"Mdogo wako anajua tangu Jumanne."

"Hiyo ni kona ya kulia au ya kushoto?"

"Haikuandikwa."

Ponsiano anabadilisha gia. Hamtazami. "Wewe soma tu, dada. Ukinyamaza tutaanguka."

Anasoma. Anasoma kilima, daraja, kona ya kushoto, na kwamba kijana wa mfadhili wa timu ameshapimiwa kofia ya msoma ramani. Sauti yake haitetemeki. Miaka saba ameizoeza isitetemeke, na sasa hata anapotaka itetemeke, haikubali.

Gari likasimama lenyewe. Mlangoni palikuwa na majina mawili ya rangi nyeupe kama siku zote, la dereva na la kwake. La kwake lilikuwa limekwisha kushuka, herufi baada ya herufi. Limesimama barabarani, linajipangusa vumbi.

"Unakwenda wapi?" Skola akaliuliza.

"Nimeambiwa nipungue. Usinililie, rangi italowa."

"Nani kakuambia?"

Jina lilinyoosha herufi yake ya mwisho kuelekea mlangoni. Ponsiano alikuwa amechuchumaa pale, anakwangua kilichobaki kwa kucha, taratibu, kama mtu anayebandua gaga la kidonda cha mwenzake.

"Dada. Dada, amka. Nimekuletea chai."

Ilikuwa saa tisa, jua limefika kwenye tairi. Ponsiano alisimama mbele yake na kikombe, macho yake yakiwa kwenye chai.

"Umelala sana. Meneja kapita, akasema usiamshwe."

"Kasema nini kingine?"

"Kasema msimu ujao utakuwa mzuri."

Skola akapokea kikombe. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno, kama ya msibani. Akanywa funda moja, na wakati mdogo wake anarudisha mkono, akaona kucha zake tatu zimejaa rangi nyeupe.

"Kanawe mikono, Ponsiano," akamwambia. "Usije ukala na jina langu."