Kugombana na Kanji

Saadiya alizisoma kanji zote ishirini, zile herufi za Kijapani ambazo kila moja ni neno, bila kukosea hata moja. Mwalimu Bhoomi akiinua kadi, yeye anataja: mti, kupenda, kupumzika, bei nafuu. Darasa zima la Jumamosi, pale ghorofani Mtaa wa Livingstone, likampigia makofi. Kisha Bhoomi akazirudisha kadi mkobani, akagawa karatasi tupu, akasema sasa atataja maana kwa Kiswahili nao waandike kanji yake. Saadiya akaandika nne. Zilizobaki alizijua kabisa, ila mkono haukujua uanzie wapi.

Alipewa wiki moja arudie. Akipata kumi na nane anaingia hatua ya pili, kwenye mazungumzo ya biashara. Asipopata, anarudi kuanza na wanafunzi wapya. Saadiya anauza cherehani za mtumba kutoka Japani, na amechoka kuongea na wauzaji wa kule kwa mdomo wa dalali.

Jumatatu, dukani, alinakili kila kanji mara hamsini. Anfal, binti yake, akalifunga daftari na kumwambia aandike moja tu, yoyote. Haikuja. Hapo akapita mama mmoja na kikapu, akasalimia, na Saadiya akamwitikia kwa bashasha, "Jirani, watoto hawajambo?"

"Huyo anaitwa nani, mama?" Anfal aliuliza alipokwisha kupita.

Saadiya akafikiri. Akafikiri tena.

"Na kanji zako ndio hivyo hivyo," Anfal akasema. "Unazijua kwa sura. Mkikutana mnachekeana, basi. Haya, na yule fundi wa Buguruni aliyekuuzia mota mbovu?"

"Rogath Wilbert," Saadiya akajibu papo hapo. "Anatumia mkono wa kushoto, ana jino la dhahabu. Mwaka wa nne huu."

Kumbe aliogombana nao ndio hawamtoki kichwani. Akalifungua daftari akiwa na shari.

Bei nafuu imechorwa kwa vipande viwili: mwanamke chini ya paa. Saadiya akatoa macho. Mwanamke akikaa ndani ndio bei nafuu? Aliyetunga hii hajawahi kuposa Kariakoo. Kupenda: mwanamke na mtoto bega kwa bega. Hawa hawajamwona Anfal saa ya kuosha vyombo. Kupumzika: mtu kando ya mti. Hana kazi huyo? Mwanamume: shamba, na chini yake nguvu. Hapo Saadiya alisimama kabisa, akamuuliza Anfal ni shamba gani hilo wanalolima wanaume peke yao. Mpaka Ijumaa alikuwa amezigombeza karibu zote, moja baada ya moja, na kila aliyoigombeza ilibaki.

Jumamosi aliandika huku akinung'unika, hadi Alpesh, mwanafunzi mwenzake aliyekaa jirani yake, akasogeza kiti mbali kidogo. Bhoomi akisema "mwanamume", Saadiya anasonya na kuchora shamba. Akisema "bei nafuu", anachora paa kwa hasira.

Kumi na tisa.

"Umekosa mvua tu, Mama Anfal," Bhoomi alisema, akiigeuza karatasi. "Na mvua ndiyo inayofanana na mvua yenyewe. Matone yote yanaonekana."

"Ndiyo maana, mwalimu. Sikuwa na neno nayo."

Bhoomi alicheka mpaka akakaa, kisha akamkabidhi kitabu cha hatua ya pili. Saadiya hakusubiri kufika nyumbani. Akafungua ukurasa wa kwanza palepale mlangoni, akaitazama kanji ya juu kabisa kwa muda, na uso wake ukachanua.

"Mwalimu," akaita, "hii nayo kaitunga nani?"