Moshi wa Warda

Ismaili alimwaga ndoo ya kwanza ya maji juu ya kuni, mkewe Warda akabaki na mwiko mkononi, haamini macho yake. Pipa motoni lilikuwa limejaa matunda ya mawese, hata hayajalainika. Akamwaga ya pili. Moto ukafa.

"Umepatwa na nini?" Warda aliuliza.

Ismaili aliweka ndoo chini. Alikuwa anatazama ziwa.

Kwa miaka kumi na mmoja, mashua ya mbio ya Mardochée, tajiri wa Bujumbura, haikushindana mbio za kuja Rumonge bila Ismaili kukaa mbele, karibu na mlingoti. Kazi yake ilikuwa kusoma upepo. Wenzake walitazama tanga; yeye alitazama moshi wa jiko la mkewe, hapa Minago. Ukilala kuelekea ziwani, basi upepo wa milimani umeshuka. Angeinua mkono wa kushoto, mashua ingegeuka kuukaribia ufuko, na washindani wangebaki katikati ya maji wameduwaa.

Mwaka jana akaja Elda, injinia, na vyombo vyake. Wiki tatu alikaa kando ya Ismaili akimuuliza: hapa unaona nini, kwa nini sasa, kwa nini si pale. Hakuna mwenye diploma aliyewahi kumuuliza Ismaili kitu. Alifurahi, maskini, akasema yote, mpaka habari za moshi. Elda aliandika kila neno.

Mwaka huu mashua ni mpya, ya kaboni, ina mabawa chini yanayoinyanyua juu ya maji, na kamera kwenye mlingoti. Mardochée alikuja mwenyewe kumwambia, kwa heshima zote.

"Mzee Ismaili, murakoze, asante kwa yote. Lakini ile ordinateri, kompyuta ya kusoma upepo, iko na kilo mbili. Weye uko na sabini."

Iliuma, na bado inauma. Lakini alibaki na wazo moja: kamera ile itatafuta nini kama si moshi? Bila moshi itakuwa kipofu, nao watamfuata hapa hapa nyumbani wamrudishe kazini.

Mashua ikatokea kaskazini, imeziacha nyingine mbali. Juu ya jiko hapakuwa na moshi hata kidogo. Ismaili alisubiri ipitilize mahali pa kugeukia.

Haikupitiliza. Iligeuka pale pale, wakati ule ule, ikauchukua upepo wa milimani bila kusita. Mashini ilikuwa inausikia upepo wenyewe. Moshi ilishausahau zamani.

"Ni juu ya mashua ile ndiyo umezima moto wangu?" Warda aliuliza.

Ndipo Ismaili alipoona mkono wake wa kushoto uko juu. Kule mashuani, karibu na mlingoti, mtu alikuwa anamjibu. Ni Elda, kumbe kilo zake yeye zilipata nafasi. Alimpungia kwa furaha, kama unavyompungia mzee aliyekuja kukushangilia.

Warda aliinama, akaanza kutenga kuni zilizobaki kavu. Zilikuwa tatu.