Chen Nukta Yuhan

Wivu ulimshika Shuyin siku bosi Guo alipotangaza kwamba onyesho la mfumo wa kompyuta mbele ya wateja atalifanya Yuhan, aliyeajiriwa juzi tu. Mfumo huo wa maduka ya chai ya mjini Taichung aliujenga Shuyin mwenyewe, kampuni ikiwa bado chumba kimoja juu ya duka la tambi. Kwenye faili la mipangilio, lenye majina ya wanaoruhusiwa kuingia, alijiandika kwa jina la ukoo peke yake: chen. Akina Chen waliokuja baadaye, nao Taiwan wamejaa tele, iliwabidi waongeze nukta na jina la pili. Shuyin aliringia ufupi huo kama cheo.

"Dada Shuyin, nimekuletea chai ya maziwa, sukari nusu kama unavyopenda," Yuhan alimwambia asubuhi ya onyesho.

"Weka hapo. Usije ukaimwagia kompyuta, nyota wetu."

Yuhan akacheka, akidhani ni utani, akaenda zake.

Shuyin akafungua faili. Jina "chen.yuhan" lilikaa ndani ya alama za kunukuu, maana katika lugha ya faili lile nukta husomwa "ndani yake mna", na alama hizo ndizo zinazoiambia mashine kwamba hili ni jina moja zima. Akazifuta. Sasa hakuna mtu wa jina hilo, aliwaza. Abishe hodi mbele ya wateja, tuone nani atamwitikia. Kisha akainywa ile chai. Ilikuwa tamu, naye akazidi kuchukia.

Wateja walipoketi, Yuhan akaandika jina lake. Yakafunguka maduka yote, bei zote, hata mapishi ya siri.

"Ala! Nani kanipa haya yote?"

Bosi Guo akainamia kioo cha kompyuta, akaangua kicheko. "Umewekwa ndani ya Chen! Aliye ndani hurithi cha mwenye nyumba. Shuyin, ni wewe? Kumbe una roho nzuri hivyo, na mimi nilidhani unamwonea gere!"

Shuyin akatabasamu kwa shida, akakimbilia mezani kwake arudishe zile alama. Mfumo ulikuwa umeshamtoa. Akaandika: chen. Mashine ikamjibu kwamba hilo si mtu tena, ni kundi lenye Yuhan ndani yake.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akasimama mlangoni mwa chumba cha onyesho, akimsubiri Yuhan amalize kupigiwa makofi ili amwombe amfungulie.