Jina Lisiloonekana Daftarini

Tangu asubuhi mizinga ililia upande wa Kibati. Kahambu alikuwa amejikunja kitandani, mkono tumboni upande wa kulia, mguu haunyooki. Mumewe Josias alimpakia kwenye pikipiki, akamfunga kwa kitenge kiunoni pake asije akaanguka, wakatoka mtaani kwao Katoyi polepole juu ya mawe ya volkano. Njia nzima watu walikuwa wakikimbilia Sake, magodoro kichwani, mbuzi wakivutwa kwa kamba. Wao wawili tu ndio waliokwenda kinyume.

Hospitalini karani wa mapokezi alipokea kadi yao ya mutuelle, ule mfuko wa matibabu ambao watu wa mtaa huuchangia kila mwaka wangali wazima.

"Mwaka huu mulilipa?"

"Tulilipa, haki ya Mungu," Kahambu alijibu, meno yamekazana. "Bwana yangu njo alipeleka franga, mwezi wa sita."

Karani akamgeukia Josias. Simu hazikuwa zikipita. Hakukuwa na namna ya kuuliza ofisi ya mutuelle.

"Ni vile, papa?"

"Ni vile," Josias akasema.

Haikuwa vile. Mwezi wa sita Kahambu, ambaye alikuwa mshonaji, alimkabidhi pesa alizopata kwa kushona sare za kwaya. Josias alifika mpaka mlangoni pa ofisi, akasimama. Miaka minne tunalipa, aliwaza, na hakuna aliyelala hospitali hata siku moja. Tunawatibia watu wengine malaria yao. Akageuza pikipiki, akaenda Bunagana mpakani, akanunua sabuni na mafuta ya kupikia yaliyovuka kutoka Uganda. Mzigo ulikuwa bado unangoja lori pale vita vilipoufikia mji ule, na Josias aliokoa roho yake na pikipiki tu. Kahambu alimpokea, akampikia, akamwambia mali hutafutwa tena. Hakuuliza mali ile ilinunuliwa kwa pesa gani.

Daktari, munganga wa zamu, alimpima Kahambu kwa haraka. "Apendisiti. Inakaribia kupasuka. Tunaingia sasa hivi, sijui kesho nani atakuwa hapa."

Mlango ukafungwa. Josias alikaa kwenye benchi la korido. Alikuwa hajakaa sana alipomwona Mama Clotilde akiingia, mtunza daftari wa mutuelle yao, viatu vimejaa vumbi, daftari amelifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

"Papa Josias! Nani mugonjwa?"

"Ni Kahambu. Wanamupasua."

"Mungu wangu. Nilisema nipite leo niangalie wagonjwa wetu, barabara ikifungwa hospitali isiwadai franga." Akaketi kando yake, akafungua daftari mapajani. Kidole chake kikashuka taratibu juu ya majina, kikavuka ukurasa, kikashuka tena. Bomu likaanguka mahali karibu na uwanja wa ndege. Vioo vikatetemeka, mgonjwa mmoja akapiga kelele. Kidole hakikusogea.

"Sioni jina."

Josias angeweza kusema karani alisahau kuandika. Angeweza kusema risiti iliungua. Siku ile kila kitu kilikuwa kimevurugika, na uongo wowote ungepita. Akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Usitafute, mama. Sikulipa. Zile franga nilizipeleka Bunagana."

Mama Clotilde akaondoa kidole daftarini.

"Nilipe leo," Josias akasema. "Hata mara mbili."

"Leo? Kila mutu akikuya kulipa siku anaumwa, mu kisanduku kutabaki nini? Hawa unaona mu vitanda, wanatibiwa na franga za wale walilipa wakiwa wazima."

"Kahambu hana kosa."

"Najua. Njo maana inaniuma." Akafunga daftari. "Kuandika jina lake siwezi. Ila tuende kwa meneja wa hospitali pamoja, useme ukweli nikiwa pale. Peke yako atakufukuza."

Meneja hakumfukuza. Alisikiliza, akanyoosha mkono, akataka ufunguo wa pikipiki na karatasi zake, viwe rehani mpaka gharama ilipwe. Josias alivitoa. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Kesho yake waasi waliingia mjini. Wagonjwa walioweza kutembea waliondoka. Wodi ikabaki na wenye vidonda na wenye mirija. Josias hakubanduka kitandani pa mkewe. Siku ya tatu, Kahambu alipoweza kuinua kichwa, Josias alimwambia yote, kuanzia mlango wa ofisi mpaka ufunguo.

Kahambu akageuza uso, akamtazama.

"Kupoteza mali, nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Lakini pale mapokezi niliapa mbele ya mutu, na wewe ukaniacha niape."

"Niliogopa watakataa kukupasua."

"Uliogopa mimi nitajua."

Nje, magari ya askari wasiojulikana yalikuwa yakipita, na wodi nzima ilinyamaza mpaka yalipokwisha.

"Munganga ameruhusu maji?" Kahambu akauliza.

"Ameruhusu. Kidogo kidogo."

"Basi lete. Mabomba yamekauka, itabidi ushuke mpaka ziwani. Na upite kwa Mama Clotilde, umwambie nikitoka hapa nitakwenda kwake kulipa mimi mwenyewe."

Josias akachukua bidoni tupu la maji chini ya kitanda, akatoka kwa miguu.