Hewa ya Rwegoshora

Kokugonza alikuwa akitandaza nyasi mpya sakafuni alipoona midomo ya mumewe imekuwa ya zambarau kama ua la mgomba. Rwegoshora alikuwa amekula ndizi na maharage akajilaza. Akamtikisa. Akaamka, midomo ikarudia rangi yake, akaomba maji.

Ikawa hivyo kila alipolala mchana. Akampeleka kijiji cha Nyakakika kwa Cassian, dresa wa zahanati kutoka Bukoba, naye akamchoma kidole usingizini. Damu ilitoka nyeusi.

"Mtu akilala, hewa katika damu hupungua," alisema Cassian. "Kidogo, mama, siyo hivi. Ana ndugu wa omukago?"

Alikuwa naye. Ujanani Rwegoshora na Kashaija walikula buni iliyopakwa damu zao, wakawa ndugu. Sasa Kashaija alichimba bati Kyerwa, kwenye shimo refu lisilo na tundu la hewa.

"Basi hewa yake inakwenda huko," alisema Cassian, akanawa mikono.

Kokugonza akaenda Kyerwa kwa miguu. Wachimbaji walitoka shimoni wakitambaa na kukohoa. Kashaija alitoka akitembea wima.

"Shemeji, nilidhani ni nguvu zangu," alisema, akainamisha uso. Siku ambazo Rwegoshora hakulala, yeye alizimia humo ndani. Kuacha kazi hakuweza. Aliyetoroka mkataba alifungwa.

Kokugonza akamwendea bwana wa machimbo, akaomba litobolewe tundu la hewa, maana mumewe angekufa kitandani. Bwana alisikiliza mpaka mwisho, jambo lililompa mama huyu matumaini ya bure. Kisha akamuuliza karani wake kama wachimbaji wengine nao walikuwa na ndugu wa namna hiyo.

"Wengi, bwana," alijibu karani.

Mwezi uliofuata wanyapara walipita vijiji vya Kituntu na Ndama wakigawa mablanketi. Kila ndugu wa omukago aliamriwa alale tangu asubuhi mpaka jioni. Shimo likarefushwa. Tundu lilikuwa kazi ya sululu, na sululu zilikuwa zimejaa pale, lakini halikutobolewa. Watu wazima walilazwa mchana kutwa kama wagonjwa, kahawa ikiozea mitini, ili bwana mmoja asihangaike na tundu. Inachukiza hata kuisimulia.

Kokugonza alilitupa blanketi lao uani. Asubuhi iliyofuata palikuwa na baridi, na kule Kyerwa Kashaija alikuwa akiingia shimoni. Kokugonza akaliokota, akalikung'uta, akamfunika mumewe alale.