Madoa ya Chini ya Jani

Victorine hakuwa mwanamke wa kuchoma vitu ovyo. Jumamosi ile asubuhi alifunua magazeti ambamo binti yake Igiraneza alikuwa akikaushia majani, akageuza jani la kwanza. Upande wa chini lilijaa madoa ya kahawia. La pili vivyo hivyo. Kwenye milima ya Masisi kila mkulima anayajua madoa ya namna hiyo: ni ugonjwa wa kutu, na kutu ikiingia kwenye maharage, msimu umekwenda na maji. Na hapo hapo, hatua moja tu, kilikuwepo kikapu cha mbegu ya Septemba. Aliyachunguza majani moja moja, apate kujua kutu imeenea kiasi gani, kisha akayatia motoni. Mimea miwili haikuwa na madoa, nayo ikafuata, maana ililala na wagonjwa. Magazeti akayarudisha chini ya jiwe. Karatasi haichomwi bure.

Igiraneza alirudi na gundi mkononi, akaangalia meko, akakaa chini.

"Mama, ile haikukuwa ugonjwa," alisema. "Fujeri, iyi majani ya kivuli, haiko na mbegu, haiko na maua. Iko na unga mule mu madoa, njo inazaa nayo."

Jumatatu saa mbili asubuhi alipaswa kumwonyesha mwalimu Émile mimea kumi na miwili isiyo na mbegu, kila mmoja na alama zake za uzazi, kila mmoja kwenye ukoo wake. Bila hiyo angefeli mwaka wa mwisho, na mwaka huo alikwisha kuurudia mara moja, vita vilipowatoa nyumbani. Shule yao haikumpa mtu nafasi ya tatu.

"Juu ya nini haukuniambia?" Victorine aliuliza.

"Niliona kama hautaelewa."

Neno hilo lilimuuma kuliko kosa lake mwenyewe. Ni kweli aliishia darasa la tatu. Watu husema asiyejua maana haambiwi maana; haya, asiyeambiwa naye ndiye huyu, kachoma. Alitaka kukasirika, akaona hana haki. Maji yakimwagika hayazoleki, na majivu ndiyo kabisa.

"Ya kwanza ilikuwa na madoa ya muviringo," alisema polepole. "Iyo iko ku kijito, chini ya shamba ya Rukundo. Ya pili, madoa ilifwata pembeni, na jani imejikunja juu yake. Iyo inaota mu mawe, nyuma ya kanisa. Ya tatu iko na mistari-mistari..."

Igiraneza akainua kichwa. Mama yake alikuwa ameyasoma majani yote kabla ya kuyachoma.

Jumapili Victorine hakwenda kwaya, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipomzaa Igiraneza. Walipopita nyuma ya kanisa aliwasikia wenzake wakiimba, akainamisha kichwa kwa aibu, akaendelea kuchuma. Njiani binti alieleza, safari hii bila kuruka kitu. Mimea hii yote ina mishipa ya kupandisha maji, kama muhogo, na koo zake zilikuwepo duniani kabla ua la kwanza halijachanua. Ule mmea unaotambaa chini, wenye vijani vya mshipa mmoja mmoja, ni wa nyumba iliyojitenga zamani kabisa. Fujeri na ule mmea wa vijiti vyenye viungo ni watoto wa nyumba nyingine.

"Iyi ya viungo haifanane na fujeri hata kidogo," Victorine alibisha.

"Zamani hata walimu waliiweka mbali. Sasa wanasema njo ndugu yake."

"Basi iko kama papa yako na ndugu yake Gustave."

Wakacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jua likizama walikuwa na kumi na moja. La kumi na mbili, jani pana la msituni, Igiraneza alilichuma Mpofi, huko Walikale, alipomtembelea huyo baba yake mdogo Gustave. Milimani kwao halioti, na hakuna ambaye angekwenda Walikale na kurudi kwa usiku mmoja. Igiraneza akaanza kulia. Victorine akakumbuka magazeti. Aliinua jiwe, akafunua kurasa moja moja, na kwenye ile ya habari za mpira akalikuta umbo la jani lile. Unga wa kahawia ulikuwa umeanguka ukalichora, doa kwa doa.

Kesho yake alilibeba gazeti hilo mwenyewe, limelazwa ndani ya ungo na kufunikwa kitenge, mlima mzima hadi shuleni, bila kuthubutu kupiga chafya.

Mwalimu Émile alipitia yale kumi na moja, akaridhika. Alipofika kwenye gazeti alirekebisha miwani.

"Hii imejaa vumbi," alisema, akainua mkono wa shati apanguse.

"Mwalimu, usipanguse!" Victorine alikuwa ameshamshika mkono. "Iyo haiko vumbi. Njo batoto yake! Ona, mistari mbili-mbili, inafwata pembeni. Ya vile huku Masisi hakuna."

Émile alichukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya karatasi akiwa ameziba pumzi. Kisha akaandika: kumi na mbili.

"Nani alikufundisha kuyatambua hivi?" akamuuliza Igiraneza.

"Mama," alijibu Igiraneza. "Mumuulize yee, Mwalimu. Yee njo anaelewa."